Alama za Kikristo Zinazosomeka: Namna ya Kutengeneza kwa Mkono Mapambo ya Mti wa Krismasi

Pambo linalotundikwa kwa uzi mmoja halitulii. Mlango ukifunguliwa, au mtu akipita karibu na mti, pambo hugeuka polepole, na upande uliokuwa umeelekea ukutani ndio unaowatazama watu waliokaa chumbani. Kwa tufe la kawaida la kung'aa hilo si neno, kwa kuwa tufe ni lile lile kila upande. Lakini pambo lililobeba alama ya imani ni maandishi, hata kama halina herufi hata moja, na maandishi yakigeuzwa huacha kusomeka au husema jambo jingine. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kutengeneza mapambo ya namna hiyo kwa mkono wake, nyumbani au pamoja na kikundi cha kanisani, ili kila alama itakayotundikwa iwe imeeleweka kwanza kwa aliyeitengeneza, kisha iweze kusomwa na yeyote atakayesimama mbele ya mti.

Desturi ya kuuvika mti alama za Kristo peke yake ina mwanzo unaojulikana. Mwaka 1957 Frances Kipps Spencer, mshiriki wa kanisa la Kilutheri la Ascension katika mji wa Danville, jimbo la Virginia nchini Marekani, alitaka mti wa kanisani kwao umhubiri yule ambaye sikukuu ni yake, badala ya kujaa vitu vya rangi rangi visivyohusiana na kuzaliwa kwake. Akazirudia alama walizotumia Wakristo wa karne za kwanza, akaziunda kwa rangi nyeupe na dhahabu, na mapambo hayo yakaitwa Chrismon, jina lililounganishwa kutoka katika neno Kristo na neno monogramu, yaani jina lililofupishwa kwa kufungamanisha herufi zake. Katika mwongozo huu nitayaita krismoni. Nyeupe ni rangi ya ibada za Krismasi tangu zamani, na husimama kwa usafi wa Mwokozi. Dhahabu husimama kwa enzi yake. Makanisa mengine yalikaribishwa kuiga kazi hiyo, kwa matumizi ya ibada na si kwa biashara, na mimi naona ni vyema moyo huo ukaendelea kutunzwa.

Hata kabla ya hapo mti wenyewe ulikuwa ukisomwa. Katika Ujerumani ya zama za kati, tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa, na katika michezo ya kuigiza habari za bustani ya Edeni ulisimamishwa mti wa kijani uliotundikwa matufaha. Ni mmoja wa mababu wa mti wa Krismasi. Anayetundika krismoni, basi, analirudishia tawi kazi yake ya kale ya kusimulia.

Chagua alama kwa kuangalia mgongo wake

Kabla ya kushika mkasi, chora alama unayoitaka kwenye karatasi nyepesi, igeuze, uishike mbele ya dirisha, kisha uisome kwa nyuma. Jaribio hili la nusu dakika litakuonyesha alama zinazoweza kukatwa zikatundikwa hivyo hivyo, na zile zinazohitaji matayarisho. Msalaba, nyota, kipepeo, taji na nanga ni zile zile mbele na nyuma. Samaki akigeuka huwa ameelekea upande wa pili tu, na hakuna kinachoharibika. Tatizo liko kwenye herufi.

Alfa na Omega, herufi ya kwanza na ya mwisho za alfabeti ya Kigiriki, ni mfano mzuri, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Alfa kubwa, inayofanana na A yetu, haibadiliki ikigeuzwa. Omega kubwa, Ω, nayo haibadiliki. Mtu huona kila moja iko salama, akaziunganisha ubavu kwa ubavu, Alfa kushoto na Omega kulia. Pambo likizunguka, kila herufi inasomeka vizuri, lakini sasa mwisho umetangulia mwanzo. Katika Ufunuo 22:13 Kristo anajiita Alfa na Omega, wa kwanza na wa mwisho, na mpangilio wa herufi hizo ndio ujumbe wenyewe. Dawa yake ni rahisi: zipange wima, Alfa juu na Omega chini yake, zikiunganishwa kwa ushanga mmoja. Pambo litazunguka litakavyo, na mwanzo utabaki juu.

Krismoni ya kwanza: Iota na Khi

Kwa anayeanza napendekeza monogramu ya Iota na Khi. Iota, mstari mmoja uliosimama, ni herufi ya kwanza ya jina Yesu kwa Kigiriki. Khi, inayoandikwa kama X yetu, ni herufi ya kwanza ya jina Kristo. Zikipandanishwa hutoa umbo la mikono sita linalofanana pande zote mbili, na umbo hilo limechongwa kwenye majeneza ya mawe ya Wakristo tangu karne ya 4. Ni alama rahisi kuunda kuliko nyingi, na imebeba jina kamili la Bwana.

Utahitaji waya ya kusokoteka yenye unene wa milimita 1 kwa ajili ya mifupa ya pambo, waya nyembamba ya milimita 0.3 kwa kufungia, shanga nyeupe za mduara zenye kipenyo cha milimita 4 ambazo tundu lake linapitisha waya ya milimita 1, ushanga mmoja wa dhahabu wa milimita 8, na koleo ndogo yenye midomo ya duara. Kata vipande vitatu vya waya nene, kila kimoja sentimita 12, kisha uvinyooshe kwa kuviviringisha juu ya meza chini ya ubao.

Vipandanishe katikati, viachane kwa nyuzi 60, uvifunge kwa waya nyembamba ukipita kila pembe mara mbili. Fundo lisizidi upana wa milimita 4. Sasa ingiza shanga 12 kwenye kila mkono ukianzia nje, uzisukume hadi kwenye fundo. Hapa kuna jambo linalonifurahisha kila mara: shanga sita za kwanza zinazolizunguka fundo hukutana ubavu kwa ubavu bila kusukumana, kwa kuwa duru sita zenye kipenyo kimoja hutoshea sawasawa kuizunguka ya saba. Zikisukumana, ujue pembe zako haziko sawa. Zirekebishe sasa, kabla hujafunga ncha. Shanga 12 zitachukua karibu sentimita 5, na waya itakayobaki, takriban sentimita 1, ikunje kwa koleo iwe kipete kidogo kinachozizuia shanga zisitoke. Ushanga wa dhahabu ufunge juu ya fundo, na ukiwa na wa pili, ufunge upande wa nyuma. Jumla umetumia shanga nyeupe 72.

Umbo la mikono sita huweza kudhaniwa kuwa nyota, au chembe ya theluji. Ili lisomeke kama jina, uache mkono wa juu na wa chini viwe virefu kidogo kuliko minne ya pembeni, kwa kuongeza ushanga mmoja wa dhahabu kila ncha ya Iota (kata kipande hicho sentimita 13). Ukipenda, zungushia duara la waya. Duara halina mwanzo wala mwisho, na hivyo ni alama ya umilele.

Khi-Ro, inayodai uangalifu

Khi-Ro ni herufi mbili za kwanza za jina Kristo: Khi, na Ro inayoandikwa kama P yetu. Mkanganyiko huanzia hapo, maana anayezoea herufi za Kilatini huona P na X akatafuta neno lenye herufi hizo. Mweleze mtazamaji kwamba anasoma Kigiriki. Alama hii ilipata umaarufu mkubwa baada ya mwaka 312, Konstantino alipopigana na Maksensio, mpinzani wake katika kuitawala Roma, kwenye Daraja la Milvio nje ya mji huo. Mwandishi Laktansio anasimulia kwamba Konstantino aliagizwa katika ndoto aiweke alama ya Kristo kwenye ngao za askari wake. Baadaye iliingia kwenye bendera ya jeshi na kwenye sarafu. Mimi hupenda zaidi kuikumbuka ilivyoandikwa kwenye makaburi ya waumini wa kawaida, mahali ambapo haikuwa alama ya ushindi wa vita bali ya tumaini la waliofiwa.

Mara ya kwanza nilipoitengeneza nilikata Khi-Ro kadhaa kutoka kwenye kadibodi, nikazipaka dhahabu, nikaona kazi imekwisha. Jioni nusu yake zilikuwa zimegeuka, na Ro ilikuwa imeelekea kushoto kama herufi q. Nikadhani nitapona kwa kubandika vipande viwili mgongo kwa mgongo, lakini umbo lililokatwa kwa kufuata mipaka yake haliwezi kuponywa hivyo: ili mipaka ya vipande viwili ilingane, kimoja lazima kigeuzwe, na kikigeuzwa kinarudia kosa lile lile. Tatizo haliko kwenye rangi ya mgongoni, liko kwenye umbo.

Njia iliyo sahihi ni kuipa alama kiwanja. Kata duara la kadibodi ngumu lenye kipenyo cha sentimita 12, ulifunike pande zote mbili kwa kitambaa au karatasi nyeupe, kisha uunde Khi-Ro mbili, moja ya kila upande. Nguzo ya Ro iwe na sentimita 10, na tumbo lake lianzie kileleni, lizunguke upande wa kulia, lirudi kwenye nguzo sentimita 3 chini ya kilele. Mikono ya Khi iwe na sentimita 9 kila mmoja, ikutane na nguzo sentimita 6 kutoka juu. Ukiipandisha zaidi, mkono wa kulia utaligusa tumbo la Ro na herufi zote mbili zitapoteza sura. Unaweza kuchora kwa uzi mnene wa dhahabu uliobandikwa kwa gundi nyeupe, au kwa shanga zilizoshonwa. Ukitumia uzi, anzia chini ya nguzo, panda hadi kilele, zungusha tumbo, ukate hapo. Ro itakuwa ya uzi mmoja usio na kiungo, na itapendeza zaidi. Kabla ya kubandika upande wa pili, toboa tundu la kutundikia na uhakikishe vilele vya Ro zote mbili vinatazama tundu hilo hilo.

Duara hilo hilo ndilo jawabu la IHS. Hizi ni herufi tatu za kwanza za jina Yesu kwa Kigiriki, Iota, Eta na Sigma; ile ya katikati ni Eta, ingawa inafanana na H. Bernardino wa Siena aliieneza sana katika mahubiri yake karne ya 15, akiionyesha kwenye ubao ikiwa imezungukwa na miale ya jua, na baadaye Shirika la Yesu, yaani watawa Wajesuiti, likaichukua. Maelezo kwamba IHS ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya Yesu Mwokozi wa wanadamu yalikuja baadaye. Ni maneno ya kweli, ila sicho chanzo cha alama.

Samaki

Neno la Kigiriki la samaki, ichthys, kwa herufi zake lenyewe ni ΙΧΘΥΣ, herufi tano, na kila moja huanzisha neno katika ungamo hili: Yesu, Kristo, wa Mungu, Mwana, Mwokozi. Karibu na mwaka 200 Klementi wa Aleksandria aliwashauri Wakristo kwamba kama wana pete za muhuri basi wachonge juu yake njiwa, samaki, merikebu, kinubi au nanga, badala ya sanamu za miungu. Kwa hiyo ukitengeneza samaki, nanga au merikebu unafuata ushauri wa zaidi ya miaka 1,800.

Umbo la samaki ni pinde mbili zinazokutana kichwani na kupishana mkiani. Kwa waya unahitaji kipande kimoja tu cha sentimita 30, kikunjwe katikati, ncha zipishane sentimita 3 kabla ya mwisho na kufungwa. Usimwekee jicho wala magamba, maana hapa halengwi samaki wa baharini. Ukitaka kuandika herufi zake tano ndani, rudi kwenye kadibodi na uandike kila upande peke yake, kwa sababu Sigma ya mwisho haigeuziki na mpangilio wa neno nao ungebadilika.

Misalaba, na uzi unapopita

Baadhi ya watu huuliza kwa nini msalaba uwe kwenye mti wa kuzaliwa. Jibu ni kwamba mtoto aliyelazwa horini alizaliwa kwa ajili ya safari iliyofika Golgotha, na waliotengeneza alama hizi hawakuzitenga siku hizo mbili.

Msalaba hauna tatizo la mgongo, lakini una tatizo la juu na chini. Msalaba wa Kilatini, wenye mguu mrefu, ukitundikwa kwa mguu wake unakuwa msalaba wa Petro, ambaye kwa mapokeo alisulubiwa kichwa chini. Msalaba wa Kigiriki, wenye mikono minne sawa, ukitundikwa kwa uzi uliofungwa pembeni kati ya mikono miwili unainama na kuwa X, yaani msalaba wa Mtume Andrea. Hakuna ubaya katika misalaba hiyo ya mitume, ubaya ni kuitundika bila kukusudia. Fanya tundu katikati kabisa ya ncha ya juu, na kwenye msalaba wa Kilatini ongeza ushanga mzito kidogo mguuni ili usimame wima.

Msalaba wa Tau, unaofanana na T, huhusishwa na alama waliyotiwa watu katika vipaji vya nyuso zao katika Ezekieli 9:4, kwa kuwa herufi ya mwisho ya Kiebrania, tav, iliandikwa zamani kama msalaba. Fransisko wa Asizi aliipenda akaitumia kama sahihi yake. Msalaba wa Yerusalemu ni mkubwa mmoja na midogo minne kwenye pembe zake, na watu huusoma kwa njia mbili: majeraha matano ya Kristo, au Injili ikienda katika pande nne za dunia. Wenye ngazi tatu chini yake unasimulia imani, tumaini na upendo. Wa Kiselti una duara linalouzunguka makutano ya mikono, na maana ya duara umeshaiona. Nanga ni msalaba uliojificha: mti wake na kijiti cha juu vinaunda msalaba, na Waebrania 6:19 inalitaja tumaini kuwa nanga ya roho. Imechorwa mara nyingi katika makaburi ya chini ya ardhi ya Roma, yakiwemo ya Prisila na Domitila.

Nyota: hesabu ncha zake

Nyota ndilo pambo linalotengenezwa bila kufikiri kuliko mengine yote, na hapo ndipo maana hupotea, kwa sababu idadi ya ncha ndiyo inayosema. Ncha tano ni nyota ya Mamajusi ya Mathayo 2, nayo huenda pamoja na sikukuu ya Epifania. Ncha sita husomwa kama siku sita za uumbaji, na pia humkumbusha mtazamaji kwamba Yesu alizaliwa katika nyumba ya Daudi. Ncha nane ni ya ubatizo na uzima mpya: watu wanane waliokolewa katika safina, kama inavyokumbushwa katika 1 Petro 3:20, mtoto Yesu alipewa jina lake siku ya nane, na Jumapili ya ufufuo, ikihesabiwa baada ya siku saba za juma, ni siku ya nane. Ndiyo maana majengo mengi ya kale ya kubatizia, kama lile la Laterano huko Roma, yana pande nane.

Nyota ya ncha nane ni rahisi kuliko ya tano. Kata miraba miwili ya sentimita 7 kwa 7, uipandanishe, uuzungushe mmoja nyuzi 45, uibandike. Kutoka ncha hadi ncha utapata karibu sentimita 10. Ya ncha sita ni pembetatu mbili zenye pande sawa, moja ikielekea juu na nyingine chini. Ya ncha tano inataka bikari na kipimapembe: chora duara, ligawe kila baada ya nyuzi 72, uunganishe nukta ukiruka moja kila mara.

Ndege na mnyama

Njiwa husema mambo mawili tofauti. Akishuka kichwa chini, mabawa yametanuliwa, ni Roho Mtakatifu aliyeonekana katika ubatizo wa Yesu, na uzi wake unapaswa kupita mkiani. Akiwa anaruka mlalo, na tawi la mzeituni mdomoni, ni njiwa wa Nuhu, habari ya amani baada ya gharika. Ukifunga uzi mgongoni mwa yule wa kwanza, anakuwa ndege tu anayepita.

Mwari ni alama ninayoihurumia, kwa kuwa wachache siku hizi huitambua. Watu wa kale waliamini kwamba ndege huyu hujichoma kifua kwa mdomo wake ili awalishe makinda yake damu. Kwa tabia ya ndege jambo hilo si kweli, ila Wakristo waliona humo sura ya Kristo anayetoa damu yake, na Toma wa Akwino akamwita Yesu mwari katika wimbo wake wa Ekaristi. Mwari bila makinda hana maana yoyote kwenye mti. Kata kiota, makinda matatu yenye midomo iliyofunguliwa, na kichwa cha mzazi kilichoinamia kifua. Hapa ndipo ninaporuhusu rangi ya tatu: ushanga mmoja mdogo mwekundu kifuani.

Mwanakondoo akisimama na bendera yenye msalaba ni Kristo mfufuka. Akilala juu ya kitabu chenye mihuri saba ni yule wa Ufunuo sura ya 5. Bila bendera wala kitabu, ni kondoo tu wa wachungaji wa Bethlehemu, na hilo nalo lafaa, mradi ndilo ulilokusudia.

Alama nyingine hazihitaji maelezo marefu. Hori ni Luka 2:7. Taji ni ufalme. Merikebu ni Kanisa. Kombe la baharini lenye matone matatu ni ubatizo kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kipepeo, aliyekuwa kiwavi na akajifungia kama aliyekufa, ni ufufuo. Waridi ni jangwa linalochanua katika Isaya 35, na chipukizi kutoka shinani ni Isaya 11:1. Zabibu na masuke ya ngano ni meza ya Bwana.

Malighafi

Kwa watoto, kinyunga cha chumvi kinafaa sana: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini, na karibu robo tatu ya kikombe cha maji, yakiongezwa kidogo kidogo. Sukuma hadi unene wa nusu sentimita, kata kwa kufuata kigezo cha karatasi, toboa tundu kwa mrija kabla hakijakauka, kisha oka kwa moto mdogo wa nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi kwa saa mbili au tatu. Kikipoa, paka rangi na vanishi kila upande, na ndani ya tundu pia, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na pambo lisilofunikwa hulainika.

Povu gumu jeupe, lile linalofungashiwa vyombo vya umeme, hukatika vizuri na ni jepesi hata tawi dogo hulibeba. Lakini usilipulizie rangi ya kopo wala kulitia gundi ya moto mkali. Vimiminika vingi vya kuyeyushia rangi hulila povu hilo mbele ya macho yako; hulegea, hutoboka, na pembe zote za alama huzama. Tumia rangi ya maji na gundi nyeupe.

Chengachenga za kung'aa zitumie kwa kiasi. Kazi yake ni kuushika mwanga, lakini zikimwagwa ovyo hufunika kingo, na alama isiyo na kingo haisomeki kutoka hatua tatu. Nyunyiza katikati, uache mpaka wa milimita 3 ukiwa safi.

Kutundika na kutunza

Ukubwa wa sentimita 8 hadi 12 unaonekana vyema kwenye mti wa kimo cha mtu. Hori uliweke chini, usawa wa macho ya watoto, nyota juu, misalaba na monogramu katikati, mahali macho ya mtu mzima yanapotua kwanza. Pambo usilotaka ligeuke litoboe matundu mawili juu, yaliyoachana sentimita 4, na kila tundu lifungwe uzi wake kwenye tawi. Nyuzi mbili hulifanya litulie, na hata likisukumwa hurudi mahali pake. Karibu na mti weka karatasi yenye mchoro mdogo wa kila alama, jina lake na andiko lake, ili mgeni asome mwenyewe.

Sikukuu ikipita, kila krismoni ifungwe peke yake kwa karatasi laini, zile za waya zikilazwa bapa na zisibebeshwe kitu juu. Kigezo cha karatasi kiweke katika bahasha pamoja na pambo lake, na juu ya bahasha andika jina la alama, andiko lake, idadi ya shanga ulizotumia, na kwa misalaba yote chora mshale unaoelekea kwenye ncha ya juu, pale uzi unapopita.